Jinsi ya Kuchagua Lenzi ya Jicho la Samaki ya Bei Nafuu

Lenzi ya jicho la samaki huona digrii 180 na kupinda kila mstari usiopita katikati ya picha. Ni moja ya lenzi chache ambazo ya bei ndogo haiachwi mbali na ya bei kubwa. Urefu wake wa fokasi (namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi) ni mfupi mno, kwa hiyo karibu kila kitu kilicho mbele yake hutoka kikali hata kama lenzi haina mota ya fokasi. Mtengenezaji wa lenzi pana ya kawaida hulazimika kuongeza vioo ili kunyoosha mistari, ilhali wa jicho la samaki huiacha ipinde. Gharama nyingi hupungua hapo.

Kinachowaponza wanunuzi kwa kawaida si ubora wa kioo. Mtu hununua lenzi nzuri isiyolingana na sensa ya kamera yake (sehemu ya ndani inayorekodi picha), akaifunga, akakuta pembe nne za picha ni nyeusi, au upana aliotarajia haupo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na sensa, na majina ya lenzi yanakuja baadaye.

Hatua ya 1: Duara, au fremu iliyojaa?

Kuna aina mbili. Ya kwanza hutoa picha ya duara katikati ya fremu nyeusi, na ndani ya duara hilo unaona digrii 180 kila upande. Ya pili hujaza fremu yote, na digrii 180 zinapatikana tu ukipima kutoka pembe hadi pembe. Kwa upana wa kawaida, kushoto hadi kulia, hubaki kama digrii 140 hivi au zaidi kidogo, kutegemea lenzi.

Chukua inayojaza fremu, isipokuwa una kazi maalumu inayodai duara: kupima uwazi wa matawi ya msitu, kupiga anga lote kwa mkupuo mmoja, au kutengeneza panorama kwa picha chache sana. Picha ya duara huvutia mara ya kwanza na ya pili, kisha huchosha. Isitoshe, karibu nusu ya pikseli za sensa huishia kurekodi weusi.

Hatua ya 2: Linganisha lenzi na sensa

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Tafuta kwenye kitabu cha kamera ukubwa wa sensa kwa milimita, kisha fanya hesabu mbili. Kupata lenzi ya kujaza fremu, chukua ulalo wa sensa (kutoka pembe hadi pembe) ugawe kwa 2.83. Kupata lenzi ya duara kamili, chukua upande mfupi wa sensa ugawe kwa namba hiyohiyo.

Sensa ya fremu kamili (full frame) ni mm 36 kwa 24 na ulalo wake ni mm 43.3, kwa hiyo kuijaza kunahitaji lenzi ya karibu mm 15, na duara linahitaji karibu mm 8.5. Ndiyo maana lenzi za aina hii kwa fremu kamili zimekuwa za mm 15 au 16 kwa kujaza, na mm 8 kwa duara, tangu enzi za filamu. Sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko fremu kamili, ya Nikon, Sony, Fujifilm na Pentax ina ulalo wa karibu mm 28.3, kuijaza ni mm 10, duara ni mm 5.5. APS-C ya Canon ni ndogo kidogo, ulalo kama mm 26.8, hivyo ni mm 9.5 na mm 5.3. Micro Four Thirds, sensa ndogo zaidi ya hizo, ina ulalo wa mm 21.6, kuijaza ni mm 7.6, duara ni mm 4.6.

Sasa angalia kinachotokea ukikosea. Lenzi ya mm 16 ya fremu kamili ukiifunga kwenye APS-C hutoa kama digrii 105 tu. Mistari itapinda lakini ule upana wenyewe haupo. Unapata kasoro bila faida. Lenzi ya duara ya mm 8 kwenye APS-C hutoa kitu kibaya zaidi: duara limekatwa juu na chini, na pembe bado ni nyeusi. Wauzaji wengi wa mitumba hawalitaji hili, na baadhi hawalijui.

Kinyume chake, lenzi ya APS-C kwenye fremu kamili haifuniki sensa. Kikinga mwanga chake kilichoundwa pamoja na mwili wa lenzi huonekana kama vipande vyeusi pembeni. Samyang 8mm f/3.5 (ya APS-C; f/3.5 ni ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga) toleo la kwanza ina kikinga kisichotoka. Toleo la pili kinatoka, na ukikitoa kwenye fremu kamili unapata picha inayokaribia duara, iliyokatwa kidogo.

Usiiamini namba ya kwenye pete ya lenzi peke yake. Hesabu ya 2.83 inafaa lenzi zinazopinda picha kwa mtindo mmoja tu, ule wa eneo sawa (utaelezwa Hatua ya 3), na si zote zinaufuata. Samyang 8mm hiyohiyo iliwahi kuuzwa chini ya jina la Vivitar ikiwa imeandikwa 7mm. Kabla ya kulipa, tafuta picha za mfano zilizopigwa kwa lenzi hiyo kwenye ukubwa wa sensa uleule wa kwako, zisizokatwa. Angalia pembe nne. Dakika tano za kazi hiyo huzidi kusoma maelezo ya kurasa kumi.

Hatua ya 3: Angalia namna lenzi inavyopinda picha

Lenzi mbili zenye digrii 180 hazitoi picha moja. Nyingi za zamani, kama Canon EF 15mm f/2.8 na Nikon 10.5mm f/2.8 DX, hufuata mtindo wa eneo sawa: vitu vya pembeni hubanwa na kuwa vyembamba. Mtu akisimama karibu na ukingo wa fremu hugeuka ufito uliopinda. Samyang 8mm f/3.5 ya APS-C na Samyang 12mm f/2.8 ya fremu kamili hufuata mtindo wa stereografia, ambao huyapa maeneo ya pembeni nafasi kubwa zaidi. Nyuso za pembeni hubaki na umbo linalotambulika.

Kama utapiga watu, michezo, sherehe au ndani ya nyumba, stereografia ndiyo ya kuchukua. Kwa anga, mandhari na panorama, tofauti si ya kukunyima usingizi, ila programu ya kuunganisha picha lazima iambiwe mtindo sahihi, la sivyo maungio hayakutani.

Kumbuka pia kwamba Samyang 8mm hutoa digrii 180 kwenye APS-C ya Nikon, Sony na Pentax, lakini karibu digrii 167 kwenye ile ya Canon, kwa sababu ya ule udogo wa sensa. Si upungufu mkubwa. Mwenye Canon ajue tu kwamba hajauziwa lenzi mbovu.

Hatua ya 4: Kiungio na adapta

Njia isiyo na usumbufu ni kununua lenzi yenye kiungio (sehemu ya kufungia lenzi) cha kamera yako. Inayofuata kwa uzuri ni kununua lenzi ya DSLR, yaani kamera yenye kioo cha kuakisi ndani (kiungio cha Canon EF au Nikon F), na kuitumia kwenye kamera isiyo na kioo hicho (mirrorless) kwa adapta, pete ya kuunganisha, kwa kuwa kwenye kamera hizo umbali kati ya kiungio na sensa ni mfupi kuliko kwenye DSLR. Umbali huo ni mm 44 kwa Canon EF na mm 46.5 kwa Nikon F, lakini ni mm 18 kwa Sony E, mm 16 kwa Nikon Z na mm 20 kwa Canon RF. Adapta hujaza tofauti. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya Sony E haiwezi kufanya kazi kwenye DSLR.

Kwenye jicho la samaki, unene wa adapta ni jambo zito kuliko kwenye lenzi nyingine yoyote, na hili watu hulikosa. Chukua lenzi ya mm 8. Kuihamisha fokasi kutoka mbali kabisa hadi sentimita 30 kunahitaji kioo kisogee kama mm 0.22 tu. Adapta iliyo nene kupita kipimo kwa mm 0.1, unene wa karatasi moja, inatosha kukunyang'anya umbali wote: kitu cha mbali zaidi kitakachotoka kikali kitakuwa sentimita 64 mbele ya kamera. Ikiwa nyembamba kwa kiasi hichohicho, fokasi ya mbali ipo, ila imehama na kukaa pale pete inaposoma sentimita 64, na alama zote hazina maana tena. Adapta nyingi za bei ya chini hutengenezwa nyembamba kidogo kwa makusudi, ili umbali usipotee kabisa. Hiyo ni salama zaidi, mradi utafute mahali pa kweli pa fokasi ya mbali na kupawekea alama yako.

Kwa hesabu hiyohiyo, lenzi ya kiungio cha M42 (skrubu ya mm 42, umbali wa mm 45.46) isinunuliwe kwa ajili ya DSLR ya Nikon. Umbali wa Nikon F unazidi kwa zaidi ya milimita moja, na kwa lenzi ya mm 8 hapo fokasi inaishia sentimita sita hivi kutoka kwenye kamera. Zipo adapta zenye kioo cha kurekebisha, lakini kioo hicho huharibu pembe za picha, na pembe ndizo ulizonunulia lenzi. Kwenye Canon EF, M42 haina shida.

Hatua ya 5: Fokasi ya mkono na upimaji wa mwanga

Karibu lenzi zote mpya za bei nafuu za aina hii ni za mkono: pete ya fokasi na pete ya tundu. Kwa fokasi, hasara ni ndogo. Lenzi ya mm 8 kwenye APS-C ikiwa f/8 na fokasi imewekwa sentimita 40, kila kitu kuanzia sentimita 20 hadi upeo wa macho kitakuwa kikali. Kwa f/5.6 weka sentimita 57, ukali uanzie 29. Hata kwa f/3.5, fokasi ikiwa sentimita 90, ukali huanzia karibu sentimita 46. Lenzi ya mm 15 kwenye fremu kamili kwa f/8 inataka fokasi ya sentimita 94 na hutoa ukali kuanzia 47. Weka mara moja, bandika kipande cha utepe juu ya pete isisogee, sahau fokasi.

Upimaji wa mwanga ndio wenye mitego, na unategemea kamera:

- DSLR za Nikon za ngazi ya mwanzo (mfululizo wa D3000 na D5000) hazipimi mwanga kabisa zikiwa na lenzi isiyo na chipu (kifaa cha kielektroniki cha kuwasiliana na kamera). Utapiga kwa hali ya M (kila kitu kwa mkono) na kusoma histogramu (mchoro wa mwanga wa picha). Tafuta toleo la lenzi lenye chipu. La Samyang 8mm ya Nikon lipo, kwa kawaida limeandikwa AE. D7000 na za juu yake (isipokuwa D7500) hupima vizuri ukiingiza urefu wa fokasi na tundu kwenye menyu.
- DSLR za Canon hupima kwa hali ya Av (unachagua tundu, kamera inachagua kasi) hata bila chipu. Ukibana tundu, kitafutio kinakuwa na giza, basi fremu picha kwanza.
- Kamera zisizo na kioo hupima bila tatizo, ila nyingi hukataa kufyatua zikidhani hakuna lenzi. Ingia kwenye menyu, ruhusu shata ifanye kazi bila lenzi. Malalamiko mengi ya «lenzi mpya haifanyi kazi» huishia kwenye kipengele hiki.

Kamera yenye kituliza mtikisiko ndani ya mwili huhitaji kuambiwa urefu wa fokasi. Lenzi isiyo na chipu huiacha na namba ya zamani, labda 50, na kamera husogeza sensa kupita kiasi mpaka picha inatikisika zaidi ya ambavyo ingetikisika yenyewe. Ingiza 8, au namba yoyote ya lenzi yako. Kwa video, zima kabisa ukiwa unatembea; pembe za picha hucheza kama jeli huku katikati pametulia.

Hatua ya 6: Lenzi za kuzingatia

Kwa APS-C, Samyang 8mm f/3.5 ndiyo kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho. Imeuzwa pia kwa majina ya Rokinon, Bower na Walimex Pro, na kioo ni kilekile, kwa hiyo chukua jina lililo rahisi siku hiyo. Kwa kamera ndogo zisizo na kioo ipo Samyang 8mm f/2.8, fupi na nyepesi zaidi. Chini yake kwa bei zipo 7artisans 7.5mm f/2.8 na TTArtisan 7.5mm f/2. Pembe zake hulegea tundu likiwa wazi, lakini kwa f/8 ni vigumu kulalamika. Anayetaka duara kwenye APS-C aangalie Meike 6.5mm f/2.

Kwa Micro Four Thirds, Samyang 7.5mm f/3.5 ni ndogo, kali, na haina mpinzani wa maana kwa bei yake. Olympus ilitengeneza pia lenzi bapa mfano wa kifuniko cha kamera, 9mm f/8, yenye digrii 140 na tundu lisilobadilika. Hiyo ni ya kuchezea mchana wenye jua. Jioni, f/8 isiyofunguka huilazimisha kamera kupandisha ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) hadi picha inajaa chenga.

Kwa fremu kamili, mpya za bei nafuu ni TTArtisan 11mm f/2.8, 7artisans 10mm f/2.8 na Samyang 12mm f/2.8. Za mitumba ni nyingi: Canon EF 15mm f/2.8, Sigma 15mm f/2.8, Nikon 16mm f/2.8 D. Zina fokasi ya kiotomatiki, lakini Nikon hii na ile ya 10.5mm hutegemea mota iliyo ndani ya kamera. D3000, D5000 na adapta ya kawaida ya FTZ (ya kufunga lenzi za Nikon F kwenye Nikon Z) hazina mota hiyo, kwa hiyo utageuza kwa mkono. Tokina 10-17mm f/3.5-4.5 ya APS-C, inayopendwa na wapiga picha wa chini ya maji, nayo ni vivyo hivyo kwa toleo la Nikon. Kwenye Canon inafokasi yenyewe. Ukipata iliyotunzwa, ndiyo pekee katika orodha hii inayokupa jicho la samaki na lenzi pana iliyotulia kidogo kwa pamoja.

Kutoka Urusi na Belarusi zipo Zenitar 16mm f/2.8, ya kujaza fremu kamili, na Peleng 8mm f/3.5, ya duara. Ni chuma tupu, bei chini, na ubora hutofautiana kati ya moja na nyingine. Jua kwamba zinakuja na filta za kufunga nyuma ya lenzi, na filta hiyo ni sehemu ya hesabu ya vioo. Kioo cha unene wa milimita moja husogeza fokasi kwa kama theluthi ya milimita. Iliyopoteza filta ya nyuma haifiki umbali wa mwisho, na muuzaji atakuambia «imezoea picha za karibu».

Na vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi uliyo nayo, vyenye maandishi kama 0.21x au 0.42x? Waachie wengine. Kioo kimoja au viwili vya bei ya chini huwekwa mbele ya lenzi ambayo haikuhesabiwa kwa ajili yake, na matokeo ni katikati panapokubalika, kingo zilizovia, na mistari ya zambarau na kijani kila penye matawi dhidi ya anga. Kubana tundu husaidia kidogo tu. Vile vya 0.42x mara nyingi havifiki hata digrii 180. Na pesa ya viwili au vitatu vya namna hiyo, baada ya kuvichoka, inakaribia lenzi halisi ya mtumba.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa mtumba

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kioo cha mbele cha jicho la samaki kimetokeza nje na hakipokei filta ya kukilinda, kwa hiyo kimegusa kila kitu ambacho lenzi nyingine hukwepa. Shika lenzi chini ya taa moja, iinamishe polepole, mwanga uteleze juu ya kioo. Mikwaruzo miembamba ya kufuta vumbi huonekana kama nyuzi za buibui. Kwenye lenzi ya kawaida michache haidhuru. Hapa inadhuru zaidi, kwa sababu jua au taa karibu kila mara ipo ndani ya fremu, na kila mkwaruzo utawaka. Pia, ukiwa f/8 au f/11, vumbi na mikwaruzo ya mbele hukaribia kuwa katika fokasi, hivyo madoa huonekana picha ikikuzwa.

Kisha fungua tundu kabisa, mulika tochi kutoka nyuma na tazama kupitia mbele. Kuvu huonekana kama mizizi myembamba au nyota za manyoya. Ukizikuta, rudisha lenzi mezani. Ukungu wa jumla wa kijivu hupunguza utofauti wa mwanga na giza. Vumbi la ndani, punje kadhaa, halina neno. Geuza pete ya tundu: visu vyake visiwe na mafuta yanayong'aa. Pete ya fokasi izunguke kwa uzito sawa mwanzo hadi mwisho. Ikiwa lenzi ina chipu, piga picha kwa f/8 na si tundu wazi tu, kwa kuwa lenzi za zamani za makampuni mengine hufanya kazi zikiwa wazi na kugoma zikiambiwa zibane.

Uliza pia kifuniko. Vifuniko vya lenzi hizi ni vya umbo la pekee, hushika kikinga mwanga badala ya skrubu ya filta, na mbadala wake si rahisi kupatikana.

Hatua ya 8: Majaribio ya siku ya kwanza

Fanya haya kabla muda wa kurudisha haujaisha. Unahitaji stendi na eneo lenye kitu cha mbali chenye kingo kali: mnara, nguzo ya taa, paa la jengo lililo mita 100 au zaidi.

Anza na fokasi ya mbali. Weka tundu wazi kabisa, kuza picha kwenye skrini hadi mwisho, geuza pete polepole mpaka ukingo wa mnara uwe mkali kuliko kote. Soma pete. Kwenye lenzi za bei nafuu ni kawaida alama ya umbali wa mwisho kupishana na mahali halisi, lenzi haijaharibika. Weka nukta ya rangi nyeupe mahali pa kweli. Lakini kama pete inafika mwisho wake na mnara bado haujawa mkali, lenzi hiyo (au adapta yake) irudi ilikotoka.

Pili, ulinganifu wa pembe. Ukiwa na fokasi hiyohiyo, piga picha mnara ukiwa pembe ya juu kushoto, kisha juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Piga kila moja kwa tundu wazi na tena kwa f/8. Usilinganishe pembe na katikati. Pembe zitashindwa siku zote. Linganisha pembe kwa pembe. Moja ikiwa imelegea sana kuliko tatu nyingine hata kwa f/8, kioo kimoja ndani kimekaa upande, na hilo halirekebishiki nyumbani. Usitumie ukuta kwa jaribio hili. Jicho la samaki likielekezwa ukutani kwa karibu, pembe za ukuta ziko mbali mara kadhaa zaidi ya katikati, na hujui unachopima.

Tatu, jua. Liweke ndani ya fremu, karibu na ukingo, kisha lisogeze kuelekea katikati. Madoa machache ya rangi ni ya kawaida. Weupe unaofunika nusu ya picha si wa kawaida, isipokuwa kioo ni kichafu, kifute, urudie.

Baada ya kuinunua

Mstari unaopita katikati kabisa ya picha haupindi. Upeo wa bahari ukiuweka katikati utanyooka. Ukiupandisha juu ya katikati utabinuka kama mgongo wa kilima. Ukiushusha utabonyea kama bakuli. Inama, ongeza digrii mbili za kuinamisha kamera, na picha ni nyingine.

Vitu viwe karibu, karibu kuliko unavyodhani. Kitu cha mita tatu kwenye lenzi hii huwa kidogo mno. Sentimita 30 hadi 50 ndipo mahali pake. Angalia vidole, ncha za viatu, kamba ya kamera na miguu ya stendi, maana vyote huingia. Flashi ya juu ya kamera huangaza katikati tu na huacha kivuli cha lenzi chini ya fremu, kwa hiyo iache.

Tundu la f/5.6 hadi f/8 linatosha kwa kazi nyingi za mchana. Kwenda f/16 au f/22 hakuongezi kitu, fokasi tayari ipo kote, na mtawanyiko wa mwanga huanza kulainisha picha. Usiku, kwa nyota, fungua kabisa na uache shata sekunde 25 hivi kwa lenzi ya mm 8 kwenye APS-C.

Ukitaka kunyoosha mistari, Hugin na darktable ni za bure na hufanya kazi hiyo. Kwenye Hugin chagua mtindo sahihi wa lenzi kabla ya kuhamisha. Tegemea kupoteza sehemu kubwa ya pembe, na zinazobaki huwa zimevutwa hadi zinalegea. Anayejikuta ananyoosha kila picha alihitaji lenzi pana ya kawaida ya mm 10 au 12, na afadhali aiuze hii mapema ikiwa bado na boksi lake.

Kwa panorama ya duara zima kwa Samyang 8mm kwenye APS-C, simamisha kamera wima, piga picha sita kila digrii 60, ongeza moja ya juu na moja ya chini. Fungia fokasi, tundu, kasi ya shata na rangi ya mwanga zisibadilike kati ya picha, na izungushe kamera juu ya lenzi yenyewe, karibu na kioo cha mbele, si juu ya tundu la skrubu la stendi. Vitu vilivyo chini ya mita moja ndivyo vitakavyokuonyesha kama umekosea mahali hapo: ukingo wa meza utatokea mara mbili kwenye kiungo.